Mpika Dengelua Asiyeonja

Jino la tatu lilipong'olewa na maumivu yakabaki palepale, Rogathe alitema damu kwenye beseni, akamtazama mng'oa meno na kumwuliza, "Umebakiza mangapi ya kubahatisha?"

Mng'oa meno wa zahanati ile ya bondeni aliosha koleo lake, akampa pamba, akaita mwingine. Rogathe alipanda mlima kurudi Vudee akiwa amefunga shavu kwa kanga, na njia nzima hakumjibu mtu salamu.

Maumivu yenyewe yalikaa shavu la kushoto. Hayakupiga hodi. Angeweza kuwa ananawa uso, au anapeleka kijiko mdomoni, au anafungua tu mlango asubuhi upepo umpige, mara akahisi kama kaguswa na waya wa moto kuanzia sikioni hadi kidevuni. Hayakukaa sana. Yalipita, akashusha pumzi, yakarudi. Watu waliomkuta ameganda katikati ya maneno, mkono uko hewani, macho kayafumba, walidhani anasali au amekasirika. Mara nyingi kukasirika kulikuwa kweli.

Alikuwa mpika dengelua, pombe ya miwa, na kwa pombe hiyo nyumba yake ilisimama. Mume wake, Eliufoo, alikuwa karani kwenye shamba la mkonge huko tambarare mpaka mwaka ule mashamba yalipoanza kufungwa na mengine kuuzwa. Wafanyakazi waliambiwa wakasubiri mafao yao nyumbani. Eliufoo alikuja na sanduku lake la bati, akaliweka uvunguni, akaketi kibarazani kusubiri. Alikuwa hodari wa kusubiri. Mtoto wao, Yona, alikuwa Tanga anatafuta maisha, na barua zake zilionyesha kwamba maisha nayo yanamkwepa.

Kwa hiyo Rogathe ndiye aliyekata miwa kando ya mfereji, akaikamua, akayaweka maji yake kwenye mtungi karibu na moto mdogo hadi yachachuke. Ndiye aliyejua siku ya kuitoa na siku ya kuiacha ilale tena. Na ndiye aliyeonja. Hapo ndipo balaa lote lilipoanzia.

Desturi ilikuwa hivi: aliyepika lazima anywe kwanza kata nzima ya pombe, mbele ya wanywaji, wote wakiona. Hakuna aliyeichukulia kama tuhuma. Wakishaona imeshuka kooni na mpishi yuko mzima, wanajua haina kitu kibaya ndani, wanakunywa kwa amani. Rogathe hakuwa mnywaji. Kata hiyo moja ndiyo pombe yote aliyoizoea, na aliinywa kama fundi cherehani anavyokata uzi kwa meno, kwa sababu ni kazi.

Jirani yake Veneranda, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyemshika mkono kumpeleka hospitali ya misheni. Huko walimkuta daktari kijana, Clemence, mwenyeji wa mjini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi sing'oi jino lingine."

Daktari alichukua kipande cha pamba, akampitishia shavuni taratibu. Rogathe aliruka kwenye kiti kama aliyechomwa.

"Hili si jino, mama. Ni mshipa wa fahamu wa uso ndio unaouma. Meno yako yalikuwa mazima."

"Yalikuwa," alisema Rogathe.

Clemence alimwandikia vidonge, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Asiruke siku, asiache ghafla bila kumwona yeye. Na pombe ni marufuku.

"Mimi si mnywaji. Napika."

Daktari aliweka kalamu chini. "Unaonja?"

"Nisipoonja nitajuaje imeiva?"

"Basi onja uteme. Usimeze. Dawa hii inalegeza kichwa na pombe nayo inalegeza kichwa. Vikikutana utayumba, utasinzia ovyo, unaweza kuangukia moto."

"Na ile kata ya mbele ya wageni?"

"Kata gani?"

Rogathe alimweleza. Clemence alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema watu ni waelewa, awaeleze tu watamwelewa. Alikuwa bado kijana.

Dawa haikumwangusha. Wiki haikuisha kabla maumivu hayajaanza kupungua, kisha siku moja hayakuja kabisa. Rogathe alienda mferejini, akanawa uso kwa maji ya baridi, akanawa tena bila sababu. Jioni alikula makande, akayatafuna upande wa kushoto, na Eliufoo alipomwuliza kwa nini analia alisema ni moshi.

Dengelua iliyofuata ilitoka nzuri. Jikoni alionja akatema majivuni, na hakuna aliyemwona. Wanywaji wakaja, wakakaa kwenye magogo yao, wa kwanza akiwa Mzee Nathanaeli, aliyewahi kuwa balozi wa nyumba kumi na ambaye hakuna aliyefanikiwa kumwambia kwamba ubalozi umekwisha. Pembeni yake alikaa mpwa wake, Anaeli. Rogathe alitoa mtungi, akaweka makopo, akarudi nyuma hatua kidogo. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Mama Yona, hujatuonjea," alisema Nathanaeli.

"Mzee wangu, nimeandikiwa dawa za mshipa wa fahamu. Daktari kakataza nisizichanganye na pombe."

"Sasa sisi ndio tuchanganye?"

"Nyinyi mna dawa gani?"

"Mimi nina ya presha. Anaeli hapa juzi katoka kwenye malaria. Kama pombe hii inagombana na dawa, tuambie mapema."

"Si pombe hii, mzee. Ni pombe zote. Na hiyo ya presha ungemwuliza aliyekupa."

"Miaka yote nakunywa dawa yangu na pombe yako, haijagombana. Leo ndiyo inagombana?"

Rogathe alikumbuka maneno ya daktari, akachukua kata, akaijaza, akapiga funda moja akalishika mdomoni ili wote waone, kisha akageuka pembeni akatema kwenye migomba.

Anaeli, aliyekuwa ameanza kunyoosha mkono, aliurudisha.

"Mpishi katema," alisema, kana kwamba wengine hawakuona.

Hawakugombana naye. Waliondoka kwa adabu, mmoja mmoja. Mmoja alikumbuka mbuzi wake hajafungwa. Mwingine alikumbuka kikao. Nathanaeli alikuwa wa mwisho, akamwambia kwa upole kabisa, "Pole kwa kuumwa," akachukua fimbo yake. Mtungi ulibaki umejaa.

Eliufoo, aliyekuwa anaangalia yote kutoka kibarazani, alisubiri mpaka wageni wafike mbali.

"Ungemeza tu, mama Yona. Kikombe kimoja ni nini?"

"Daktari amekataza."

"Basi siku ya pombe usinywe dawa. Dawa haiozi. Ruka siku moja, onja vizuri, kesho unaendelea."

"Amesema nisiruke."

"Daktari hapiki pombe."

Rogathe alimtazama mumewe, ameegemea ukuta, miguu kainyoosha, na redio yake isiyo na betri pajani. Alitaka kumwambia kwamba yeye naye hapiki. Lakini mtungi ulikuwa unachacha kupita kiasi, hospitali ilikuwa imeishiwa vidonge, na vilivyobaki vilipatikana kwenye duka jipya la dawa mjini Same, ambako hakuna anayekupa kitu kwa sababu unaumwa. Dawa ilinunuliwa kwa pombe na ilikataza pombe. Alilala akilizungusha jambo hilo kichwani bila kulipatia pa kulishika.

Kwa hiyo siku ya dengelua iliyofuata aliruka dawa. Alificha vidonge nyuma ya kopo la chumvi, kama vile asipoviona havitajua. Asubuhi ilipita vizuri. Mchana wanywaji walirudi, maana waliahidiwa kwamba safari hii atakunywa mbele yao, na Nathanaeli alikaa mahali pake akamwitikia shikamoo kwa uchangamfu. Rogathe alijaza kata, akaiinua. Ukingo wake ulipogusa mdomo, waya wa moto ukampita kuanzia sikioni hadi kidevuni. Alipiga ukelele, kata ikaanguka, dengelua ikamwagikia miguu ya Anaeli. Alishika shavu kwa mikono miwili akainama, hawezi kusema.

Hawezi kusema, na alikuwa na mengi ya kusema.

Wanaume walikuwa wamesimama wote. "Tumeona wenyewe," alisema Nathanaeli. "Haijafika hata kooni."

Habari ilishuka mlima haraka kuliko gari. Sefu, mfanyabiashara aliyekuwa anapanda na pikapu yake kununua maharage na kuuza mitumba na bia za chupa, alimwuliza Veneranda kama ni kweli kuna mama Vudee ambaye pombe yake imeua. Sokoni Same alisikia marehemu ni wawili.

Rogathe aliposikia hivyo alienda mwenyewe hadi kwenye kibanda ambako Sefu alikuwa anashusha kreti zake. Nathanaeli alikuwa hapo, na chupa mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama Yona. Shavu vipi?"

"Hiyo bia, mzee, nani amekuonjea?"

Nathanaeli aliitazama chupa. "Hii ina kifuniko."

"Mtu akitaka kukudhuru atashindwa kuweka kifuniko?"

"Inatoka kiwandani. Kule ni mashine. Mashine haina kinyongo na mtu."

"Na mimi nina kinyongo na wewe?"

"Sijasema hivyo. Nasema wewe ni binadamu."

Rogathe alirudi nyumbani akavunja kuni ambazo hazikuhitaji kuvunjwa.

Angeacha kupika kama si mahari ya binti wa Anaeli. Kwa mahari bia ya chupa haifai. Lazima iwe dengelua, na nyingi, na hapo kijijini hakuna mwingine aliyekuwa na miwa ya kutosha. Anaeli mwenyewe alikuja kuongea, akazunguka mno kabla ya kufika. Wanamhitaji. Yaliyopita yamepita. Ila aonje sawasawa, maana wakwe wanatoka mbali, na wao pia watataka kuona.

"Nina dawa," alisema Rogathe.

"Tunajua una dawa. Onja kidogo tu."

"Kata nzima ni kidogo?"

"Ni kata," alisema Anaeli, naye akionekana kuchoka.

Safari hii hakuruka kidonge. Alijiambia kwamba maumivu yale mbele ya wakwe yangekuwa mwisho wake, na kwamba tangu awe msichana kata moja haijawahi kumfanya hata acheke. Siku ya mahari alikunywa dawa asubuhi. Mchana, upande wa Anaeli ukiwa umekaa huku na wakwe kule, alikunywa kata mbele ya hawa. Kisha mzee mmoja wa wakwe akasema wao hawakuona vizuri, walikuwa wanawekwa viti. Akanywa ya pili mbele yao. Wakapiga makofi. Watu wakanywa, na mambo yakaenda.

Maji ya kupikia yalikuwa yamepungua. Rogathe alichukua ndoo kuelekea ndiva, lile bwawa la udongo ambalo maji ya mfereji hukusanywa kabla ya kufunguliwa mashambani. Katikati ya njia aliona ajabu kwamba njia zimekuwa mbili na zote anazijua. Miguu ilikuwa inakwenda lakini si yeye anayeipeleka. Alifikiri: nikae kidogo. Baada ya hapo hakufikiri kitu.

Veneranda, aliyekuwa anarudi kutoka shule, alimkuta kwenye tope la ukingo wa ndiva, uso umegeukia maji, paji la uso limepasuka kwenye jiwe. Alimvuta kwa ukosi wa gauni, akampiga makofi mpaka akafumbua macho.

"Rogathe. Rogathe, niangalie. Umelewa."

"Kata mbili," alisema Rogathe, na ulimi ulikuwa mzito kama wa mtu mwingine.

"Umelewa, dada. Sina neno jingine. Ungekuwa umesogea kidogo tu ningekukuta umekufa."

Watu walikuja. Walimkuta amekaa kwenye matope, damu imechanganyika na udongo, mwanamke ambaye hakuwahi kulewa hata siku moja ya maisha yake, na akina mama wa kwaya wakatikisa vichwa. Nathanaeli alikuja pia, akasema pole. Kisha akasema, "Lakini wengine wote tuko salama, kwa hiyo pombe haikuwa na kitu." Alisema kwa nia njema. Rogathe angekuwa na nguvu angemsukumia ndivani.

Jioni hiyo Eliufoo alikaa kando ya kitanda kwa muda mrefu kuliko alivyowahi. Alimbadilishia kitambaa cha kichwani mara mbili bila kuombwa. Rogathe alianza hata kumwonea huruma.

"Labda ungekunywa kata moja," alisema Eliufoo mwishowe. "Zile mbili ndizo..."

Rogathe alikaa kitako, kichwa kikigonga.

"Baba Yona, sikiliza. Nilikunywa bila dawa, nikapiga kelele. Nimekunywa na dawa, nimeokotwa kwenye tope. Hakuna namna ya tatu. Kuanzia leo utaonja wewe."

"Mimi dengelua inanichoma tumbo. Unajua tangu zamani mimi ni mtu wa bia."

"Kikombe kimoja ni nini?"

Siku ya pombe iliyofuata Eliufoo alisimama mbele ya wanywaji, kavaa suruali yake ya ukarani, kata mkononi kama mtu aliyekabidhiwa nyoka. Lakini kabla hajainywa, Nathanaeli aliinua fimbo.

"Huyu hakupika. Anayeonja ni aliyepika. Yeye anajuaje kilichomo?"

Rogathe alisimama mlangoni pa jikoni, plasta ya paji la uso bado ipo. Alimtazama Nathanaeli, akamtazama mumewe, na papo hapo hasira ikampa njia ambayo akili ilikuwa imeshindwa kumpa.

"Sawa, mzee," alisema. "Basi atapika."

"Nani?" aliuliza Eliufoo.

Alipika. Rogathe alimtoa kibarazani alfajiri akampa panga. Alikata miwa vibaya, akajikata kidole, akaomba kupumzika, akaambiwa apumzike akiwa anakamua. Rogathe alikaa kwenye kigoda akimwelekeza, na alipotaka kujua hali ya mtungi alionja nyuma ya nyumba akatema majivuni. Dengelua ya kwanza ya karani ilikuwa kali kama siki. Eliufoo aliinywa mbele ya watu, kata nzima, machozi yakamtoka. Lakini ilishuka kooni, wote wakaona, na Nathanaeli akanyoosha kopo lake. Walikunywa wakikunja uso. Ya pili ilikuwa afadhali. Ya tatu watu waliulizia kama imebaki.

Sio wote waliorudi. Baadhi walishazoea chupa za Sefu, na akina mama wa kwaya waliendelea kumsogezea Rogathe vitabu vidogo vya kuacha ulevi, akavitumia kuwashia moto. Ila dawa haikukosekana tena, kidonge asubuhi na jioni, na shavu lilitulia.

Alipoenda hospitali kwa daktari Clemence, kijana yule alitazama kovu la paji la uso, akasikiliza habari ya ndiva, akampa mkono kwa furaha ya kweli.

"Hongera sana mama kwa kuacha pombe. Wengi wanashindwa."

"Mimi sikuwa mnywaji, daktari. Nilikuambia."

"Najua, mama. Kila anayeacha anasema hivyo. La muhimu ni kwamba umeacha."

Rogathe alianza kueleza upya, kuanzia kwenye desturi, akafika kwenye kata ya kwanza. Nje foleni ilikuwa inakohoa. Aliona macho ya daktari yameshaenda kwa mgonjwa anayefuata. Akachukua karatasi yake ya dawa, akashukuru, akatoka, akapanda mlima akinung'unika peke yake.

Alipofika nyumbani alimkuta Sefu kibarazani. Safari hii hakuja na chupa. Amesikia habari za dengelua, anataka kujua kama inaweza kupakiwa kupelekwa Mwanga. Eliufoo alikuwa amekunja mikono ya shati, anamfafanulia upishi, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwasomea wakata mkonge majina yao.

"Watu wanadhani ni miwa," alikuwa anasema. "Si miwa. Ni subira. Nimejifunza mwenyewe, hakuna aliyenionyesha. Kwanza unachagua mua mwembamba."

Rogathe alijua ni mnene. Alipita bila kusema, akavua viatu, akachukua ungo wa maharage akaketi nyuma ya mlango kuchambua. Daktari hakumsikia, Nathanaeli hakumsikia. Leo alikuwa ameazimia kutomsahihisha mtu.

"Halafu mtungi," Eliufoo aliendelea, "unauweka kwenye moto mkubwa, ili ichemke vizuri..."

Rogathe aliweka ungo chini.

"Moto mdogo, baba Yona."

"Nilikuwa nataka kufika huko," alisema Eliufoo.